Mchezaji Asiye na Mpira, Mpigaji Asiye na Solo

Kuna mambo mawili niliyoyapenda tangu ujana na ambayo sijawahi kuyaacha: muziki wa jazz na michezo ya timu. Ninaposema jazz ninauzungumzia ule muziki uliozaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi wa New Orleans na kukulia Chicago, Kansas City na New York, na papo hapo ninazizungumzia bendi zetu za dansi ambazo, kuanzia Dar es Salaam Jazz Band ya mwaka 1932, nyingi zilijiita kwa jina hilo ingawa zilipiga rumba, cha cha cha na mitindo ya kwao wenyewe. Ninaposema michezo ya timu ninazungumzia kandanda, ambayo Dar es Salaam mtu huzaliwa akaikuta nyumbani, na mpira wa kikapu, ambao niliuchagua mwenyewe. Nimeishi na mapenzi hayo mawili kwa muda wa kutosha kuona kwamba kila moja limenifundisha namna ya kulitazama lingine, na fundisho lenyewe ni hili: ukitaka kuujua ubora wa kundi, mtazame yule ambaye kwa wakati huo hana mpira, na umsikilize yule ambaye kwa wakati huo hapigi solo.

Jazz ya Marekani niliifahamu kupitia redio kaseti ya nyumbani ambayo spika yake ya upande mmoja ilikuwa imekufa. Rekodi nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1950 na za miaka ya 1960 zilichanganywa kwa kuzitenga ala pande mbili, nyingine kushoto na nyingine kulia, kwa hiyo spika moja ikinyamaza, msikilizaji hupoteza sehemu kubwa ya bendi. Katika kaseti kadhaa nilizokuwa nazo, sehemu iliyopotea ilikuwa ndiyo yenye tarumbeta au saksafoni. Nilibaki na besi, drams na piano, na solo ikisikika kwa mbali sana. Kwa kuwa sikuwa na kingine cha kulinganisha, niliuzoea muziki kama ulivyonijia, hata nikaweza kuimba mstari mzima wa besi wa wimbo ambao solo yake sikuwahi kuisikia vizuri. Baadaye nilizisikia kaseti zilezile kwa rafiki yangu, kwenye redio yenye spika zote mbili, na mpiga solo akanijia kama mgeni mashuhuri anayeingia katika nyumba ambayo mimi tayari nilikijua kila chumba chake. Nilifurahi kumpokea, lakini nilikwisha kumjua aliyeijenga nyumba.

Mfano ninaopenda kuwapa wanaoanza kusikiliza ni wimbo wa kwanza katika albamu ya Kind of Blue, unaoitwa So What. Albamu hiyo ilirekodiwa New York mwaka 1959, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili, chini ya mpiga tarumbeta Miles Davis, akiwa na John Coltrane na Cannonball Adderley kwenye saksafoni, Bill Evans kwenye piano (Wynton Kelly alishika nafasi hiyo katika wimbo mmoja), Paul Chambers kwenye besi na Jimmy Cobb kwenye drams. Katika bendi yenye majina makubwa kiasi hicho mtu hutarajia tarumbeta ya Davis itangulie. Lakini baada ya utangulizi wa polepole, anayetoa melodi ni mpiga besi. Chambers, kijana wa miaka 23 siku ile, anauliza, na piano inamjibu kwa kodi mbili, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, mara mbili. Anauliza tena, na safari hii ala za kupuliza zinaungana na piano kumjibu. Kisha Davis anaanza solo yake, Cobb anagonga toazi kwa nguvu mara moja, na Chambers anaacha kuuliza na kuanza kutembea, noti nne kwa kila kipimo bila kusimama, dakika baada ya dakika, huku Davis, Coltrane na Adderley wakipokezana mbele yake.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote huja wakati wa solo ya Bill Evans. Wale wapulizaji watatu wamekwisha kusema yao, na wangeweza kuzishusha ala zao na kupumzika. Badala yake wanarudi na kuzipiga zile noti mbili za jibu nyuma ya mpiga piano, kwa upole, tena na tena, mpaka amalize. Coltrane, ambaye muda mfupi baadaye angeunda kundi lake mwenyewe na kuubadilisha muziki huo kabisa, hapo anafanya kazi ya mwitikiaji, na anaifanya kwa uangalifu uleule aliouweka katika solo yake. Nimekisikia kipande hicho kwa miaka mingi na bado hunisisimua, kwa sababu hapo ndipo unapoona kwamba watu wale waliujua wimbo wote, pamoja na sehemu zisizowahusu.

Baada ya Chambers nilianza kuwatafuta wengine wa aina yake, na ndipo nilipokutana na Freddie Green. Huyu alijiunga na bendi ya mpiga piano Count Basie mwaka 1937 akaendelea nayo hadi alipofariki mwaka 1987, miaka 50, zaidi hata ya Basie mwenyewe aliyefariki mwaka 1984. Alipiga gitaa lisilotumia umeme katika bendi kubwa iliyojaa tarumbeta, tromboni na saksafoni, akagusa nyuzi mapigo manne kwa kila kipimo, na solo zake katika muda wote huo ni chache mno. Msikilizaji wa kawaida anaweza kusikiliza wimbo mzima wa Basie bila kutambua kwamba kuna gitaa. Hata hivyo wanamuziki wenyewe walimheshimu sana, kwa sababu gitaa lile ndilo lililowafunga pamoja besi, drams na piano hadi vikasikika kuwa ala moja. Mimi humsikiliza Green kwa kuinamisha kichwa karibu na spika na kupunguza sauti badala ya kuiongeza. Ukiongeza sauti, tarumbeta zinamfunika.

Hapa nyumbani sikuhitaji kwenda mbali kulipata somo hilohilo. Bendi ya dansi ya Tanzania ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa na gitaa la solo, gitaa la ridhimu na gitaa la besi, mara nyingi na gitaa la pili la solo lililokaa katikati ya hayo, pamoja na tumba, drams na ala za kupuliza. Ukilisikiliza gitaa la ridhimu peke yake utasikia kipande kifupi kinachojirudia. Ukilisikiliza gitaa la pili peke yake utasikia kipande kingine kifupi, nacho kinaingia pale pale ambapo kile cha kwanza kimeacha pengo. Vipande hivyo vinapokutana, hutokea melodi ambayo hakuna hata mmoja kati ya wapigaji anayeipiga kwa ukamilifu, na juu yake ndipo mpiga solo hupata mahali pa kusimama. Mbaraka Mwinshehe anakumbukwa kwa gitaa lake la solo na kwa sauti yake, alipokuwa na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, na anastahili kila sifa anayopewa; lakini ukizipiga nyimbo zake leo na kuliacha sikio lishuke kutoka kwenye solo, utaona jinsi wenzake walivyomwandalia njia bila kumkanyaga.

Katika sehemu ya mwisho ya wimbo wa dansi, ile inayoitwa chemko, waimbaji hubaki na kiitikio kifupi, magitaa yanashika nafasi, na watu waliokuwa wamekaa wanainuka. Ukiwauliza, wengi watasema wameinuliwa na solo. Nimewatazama ukumbini mara nyingi, na nina hakika kwamba miguu yao inafuata ridhimu na tumba. Solo inafurahisha sikio na kumfanya mtu apaze sauti na kuonyesha mkono kwa mpigaji, lakini kiungo kinachocheza kinaongozwa na watu wa nyuma.

Kandanda niliitazama kwa miaka mingi kupitia runinga, na runinga hufuata mpira. Kamera inamwonyesha mwenye mpira na wachezaji wachache walio karibu naye. Winga wa upande wa pili, anayemvuta beki kwa kukimbia bila kutarajia pasi, hayumo kwenye picha. Kwa hiyo runinga ilinipa kinyume cha ile redio kaseti: solo niliipata yote, besi nikanyimwa. Mambo yalibadilika nilipoanza kwenda uwanjani kwa bidii, hasa baada ya kufunguliwa mwaka 2007 kwa uwanja ambao sasa unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye nafasi ya watazamaji 60,000. Nilizoea kukaa juu kabisa, na nyuma ya goli nafasi ilipopatikana. Walio chini huziona nyuso na kuzisikia sauti za wachezaji, na hilo lina raha yake, lakini kutoka juu mtu huiona timu nzima ikisogea kwa pamoja, na huona pia ni nani anayechelewa kusogea.

Siku ya mechi ya Simba na Yanga, jukwaa likipiga kelele kwa kila mguso wa mpira, mimi humchagua kiungo mkabaji mmoja na kumfuata kwa macho kwa muda mrefu bila kujali mpira uko wapi. Ukifanya hivyo utaona anavyogeuza shingo kila baada ya sekunde chache kuangalia kilicho nyuma yake, anavyosogea hatua mbili kufunika pengo beki wa pembeni anapopanda, na anavyorudi mahali pake bila kuwa ameugusa mpira hata mara moja. Beki yule akipanda na kutia krosi ikafungwa, watashangiliwa yeye na mfungaji. Zile hatua mbili za kiungo ndizo zilizompa beki ujasiri wa kuondoka nyuma, naye anajua, na ndiyo sababu mara nyingi wachezaji wenyewe, wakimaliza kumkumbatia mfungaji, humwendea mtu ambaye jukwaa halikumwona.

Goli la nne la Brazil katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1970, dhidi ya Italia, Mexico City, limeonyeshwa duniani kote mara nyingi sana, na wengi hulikumbuka kwa pasi ya Pelé na mkwaju wa Carlos Alberto katika dakika ya 86. Mimi hulitazama kwa ajili ya watu wengine wawili. Wa kwanza ni Tostão, mshambuliaji, aliyerudi nyuma hadi nusu ya uwanja wa timu yake kuusaka mpira, wakati Brazil ilikuwa tayari inaongoza kwa magoli 3 kwa 1. Wa pili ni Jairzinho, winga wa kulia, ambaye katika shambulizi lile alikuwa amehamia upande wa kushoto na kumvuta huko Facchetti, beki aliyepewa kazi ya kumkaba. Clodoaldo akawapiga chenga Waitalia wanne, Rivelino akapeleka mpira mbele kwa Jairzinho, Jairzinho akampa Pelé, na Pelé akausukuma mpira taratibu kulia, mahali palipoonekana hapana mtu. Pengo lile halikutokea kwa bahati. Lilikuwa limeachwa na Jairzinho kabla mpira haujamfikia, na Carlos Alberto, beki wa kulia, alikwisha kuanza mbio zake kutoka mbali. Huo kwangu ni muziki wenyewe: mpangilio unajulikana na wote, lakini nani ataingia wapi na lini huamuliwa papo hapo, kwa kusikilizana.

Mpira wa kikapu niliucheza shuleni na baadaye katika timu ya mtaani, na sikuwa mfungaji. Kazi yangu kubwa ilikuwa kusimama imara katika njia ya mlinzi wa timu pinzani ili mwenzangu apate nafasi ya kutupa. Ni kazi ya kugongwa kifuani, na haiandikwi popote katika hesabu za mchezo. Hapo ndipo usikivu wangu wa besi ulipofika mkononi na mguuni, kwa maana ufundi wote wa kazi hiyo uko katika wakati. Ukiwahi, mlinzi anakuona na kukuzunguka; ukichelewa, ukawa bado unasogea anapokufikia, mwamuzi anapuliza filimbi. Nilijifunza kuhesabu midundo ya mpira wa mwenzangu na kufika mahali pangu katika mdundo fulani, nikiwa nimekwisha kutulia kabla mlinzi hajageuza kichwa. Mwenzangu naye, baada ya kucheza pamoja kwa muda, alikuwa haniangalii tena. Alijua nitakuwepo. Sijui furaha nyingine katika michezo inayozidi ile ya kuaminiwa na mtu ambaye hakutazami.

Kwa sababu hiyo, katika historia ya NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu ya Marekani, shujaa wangu ni Bill Russell wa Boston Celtics, aliyetwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13, kati ya mwaka 1957 na 1969, bila kuwahi kufikisha wastani wa pointi 20 kwa mchezo katika msimu wowote. Msimu wa 1961 hadi 1962 unatosha kueleza. Wilt Chamberlain alifunga kwa wastani wa pointi 50.4 kwa mchezo, na tarehe 2 Machi 1962 alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja, rekodi ambazo hazijavunjwa hadi leo. Msimu huohuo wachezaji wa ligi, ambao wakati ule ndio waliopiga kura, walimchagua Russell kuwa mchezaji bora, na Celtics wakaitoa timu ya Chamberlain katika mchezo wa saba kisha wakachukua ubingwa. Chamberlain alikuwa mchezaji wa ajabu na simpunguzii kitu. Ninachosisitiza ni kwamba watu waliocheza dhidi ya wote wawili, waliojua kutoka ndani maana ya kuwa uwanjani pamoja nao, walimpa heshima mtu aliyewawezesha wengine. Russell alipozuia mtupo hakuupiga mpira ukaenda jukwaani kwa mbwembwe. Aliugusa ubaki uwanjani, mahali ambapo mwenzake angeuokota na kuanza mashambulizi. Alikuwa anazuia na kutoa pasi kwa tendo moja.

Watanzania wengi walianza kuifuatilia ligi hiyo kwa sababu ya Hasheem Thabeet, kijana wa kwao, aliyechaguliwa wa pili, na Memphis Grizzlies, timu za ligi zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2009. Naye alisifika chuoni Connecticut kwa kuzuia mitupo kuliko kwa kufunga, na nakumbuka wenzangu waliouona mchezo huo kwa mara ya kwanza wakiuliza kwa nini mtu mrefu namna ile hafungi pointi nyingi. Swali lile lilinipa nafasi ya kuwaeleza juu ya Russell, na wengine wao bado tunatazama pamoja.

Chicago Bulls wa miaka ya 1990 huelezwa kuwa timu ya Michael Jordan, na haiwezekani kubisha. Hata hivyo mfumo wao wa kushambulia, ule wa pembetatu ambao kocha msaidizi Tex Winter aliufundisha na kocha mkuu Phil Jackson akaupa nafasi, ulikuwa na tabia ileile ya So What. Davis aliwapa wenzake skeli chache, yaani ngazi za noti za kuchagulia, na umbo la wimbo, akawaachia mengine. Winter aliwapa wachezaji watatu umbo la pembetatu upande mmoja na wawili upande wa pili, kisha pasi inayofuata ikaamuliwa na mahali walipo walinzi. Katika mchezo wa sita wa fainali ya mwaka 1993, Bulls wakiwa nyuma kwa pointi 2 dhidi ya Phoenix, mpira ulitoka kwa Jordan kwenda kwa Scottie Pippen, kutoka kwa Pippen kwenda kwa Horace Grant aliyekuwa karibu na kikapu, na Grant akautoa nje kwa John Paxson, aliyefunga pointi 3 zikiwa zimebaki sekunde 3.9. Matokeo yakawa 99 kwa 98. Jordan alikuwa amefunga pointi zote za Bulls za robo ile mpaka hapo. Mwaka 1997, wakicheza na timu ambayo kwa bahati nzuri inaitwa Utah Jazz, jina iliyolileta kutoka New Orleans ilipohama mwaka 1979, Jordan alizungukwa na walinzi wawili akampa Steve Kerr, na Kerr akafunga mtupo wa ushindi. Nimeusikia mara nyingi mjadala kama Jordan alijifunza kuwaamini wenzake au alilazimika. Kwangu swali zuri zaidi ni jinsi Paxson na Kerr walivyoishi michezo mizima wakisimama mahali panapotakiwa, mikono tayari, wakijua kwamba huenda pasi isije kabisa. Mpiga besi anafanya hivyo kila usiku.

Siku hizi huwasaidia vijana wa mtaani kwetu kufanya mazoezi ya kikapu Jumamosi, na zoezi ninalolipenda ni kucheza bila kudunda mpira. Anayeupokea anaruhusiwa kugeuka na kutoa pasi tu. Mwanzoni vijana husimama na kunyoosha mikono, kila mmoja akiita mpira, na mchezo unaganda. Baada ya muda wanagundua kwamba kuita hakusaidii, na kwamba njia pekee ya kupata pasi ni kwenda mahali ambapo pasi inaweza kufika. Wanaanza kukimbia kwa ajili ya wenzao. Kijana mmoja mfupi, ambaye wenzake walikuwa wakimchagua mwisho, ndiye anayeng'aa katika zoezi hilo, kwa sababu tangu zamani alikuwa amezoea kucheza bila kupewa mpira na akajifunza kuona. Mzazi mmoja aliniuliza kwa nini wakati wa mapumziko nawawekea nyimbo za Basie na za bendi ya dansi ya Mlimani Park. Nilimjibu kwamba nataka wasikie watu wengi wakifanya kazi kwa wakati mmoja bila kugongana, naye akaniachia niendelee.

Mfano wangu una mpaka, na nauheshimu. Mchezo una mpinzani ambaye kazi yake ni kuharibu unachokijenga, na jazz haina. Hakuna anayemkaba Coltrane. Lakini muziki unaotungwa papo hapo una hatari yake, nayo ni kosa la mwenzako, na Herbie Hancock, aliyekuwa mpiga piano wa Davis, amesimulia mara nyingi kwamba katika onyesho moja la miaka ya 1960 alipiga kodi isiyofaa kabisa nyuma ya solo ya Davis, na Davis, baada ya kunyamaza kidogo, akapiga noti zilizoifanya kodi ile ionekane kuwa ilikusudiwa. Kila beki wa kati aliyewahi kumfunika mwenzake aliyeteleza anaielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa. Wachezaji wa kiwango cha kawaida wakiona kosa la mwenzao hunyoosha mikono kulalamika ili jukwaa lijue aliyekosea. Wakubwa hukimbia kwanza.

Dar es Salaam muziki na kandanda vimekaribiana kuliko mahali pengi ninapopajua. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936, ikabeba baadaye jina la Sunderland hadi mwaka 1971. NUTA Jazz ya mwaka 1964, ambayo ilipitia majina ya JUWATA na OTTU hadi kuwa Msondo Ngoma, na Mlimani Park Orchestra ya mwaka 1978, yaani Sikinde, zimegawana mashabiki kwa uaminifu uleule. Muhidin Gurumo alipoondoka JUWATA kwenda kuanzisha Mlimani Park, mjini kulizungumzwa kama usajili wa mshambuliaji, na tangu hapo wanamuziki wamehama na kurudi katika bendi hizo mbili huku mashabiki wakisononeka na kushangilia. Napenda ushabiki huo, nami nina upande wangu katika muziki na katika mpira. Lakini katika usajili wote huo wanaotajwa ni mwimbaji na mpiga solo. Mpiga ridhimu akihama, habari haifiki hata mtaa wa pili, ingawa bendi aliyoiacha inaweza kukaa msimu mzima ikitafuta mahali pa kusimama. Duke Ellington, kiongozi wa bendi kubwa ya jazz ya Marekani, alilijua hilo: Harry Carney, mpiga saksafoni ya baritoni, alikaa naye kuanzia mwaka 1927 hadi Ellington alipofariki mwaka 1974, na Ellington aliitunga sauti ya bendi yake yote akijua sauti ile nzito itakuwepo chini.

Kwenye jalada la albamu ya jazz ya Marekani utakuta jina la kila mpigaji na ala yake, na ndiyo maana niliweza kuwataja Chambers na Cobb katika makala hii. Rekodi zetu za dansi, nyingi zikiwa zimerekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam na kuhifadhiwa katika maktaba ambayo sasa iko chini ya TBC, mara nyingi hutangazwa kwa jina la bendi, na pengine la mtunzi au mwimbaji, basi. Aliyepiga ridhimu hatajwi, wala aliyepiga tumba. Baadhi ya watu hao wako hai, wanaishi Ilala, Temeke, Morogoro na Tanga, na ukiwawekea wimbo watakuambia bila kusita nani alishika gitaa gani na nani alichelewa kufika studio siku hiyo. Mimi nimeanza na wale ninaoweza kuwafikia, nikiwa na daftari na simu ya kurekodia, na nawaomba wengine wenye jirani, baba au mjomba aliyewahi kupiga katika bendi wafanye hivyo kabla ya kuulizia kingine chochote: wamwekee nyimbo zake, wamwombe ataje majina kuanzia nyuma, drams, tumba, besi, ridhimu, na wayaandike pamoja na jina la wimbo.